Jiwe Lililotembea

Saa kumi na mbili na robo, Ruai, mwezi wa Machi.
Udongo mweusi umenishika buti kama mdai.
Nimesimika mhimili wa miguu mitatu juu ya jiwe la mpaka,
na kipokezi kileleni kinahesabu setilaiti:
kumi na nne. Anga limetulia kama uji uliopoa.

"Fanya haraka," asema Moraa, "kesho tuko Milimani,
na yule" — kidevu chake chaelekea ukuta wa mabati —
"ameshamlipa wakili."
Yule ni Githaiga. Anachungulia juu ya mabati
akitafuna muwa, hatemi mpaka nimtazame.

Nasoma namba. Sikuku anaziandika kwa penseli,
maana kalamu ya wino, asema, haijui kutubu.
Sentimita mbili. Sentimita moja na nusu.
Jiwe ni jiwe.

Kisha jua likatumbukia nyuma ya maghorofa ya Njiru,
taa za barabara ya Kangundo zikawaka mojamoja,
na jiwe likaanza kutembea.

Nusu mita mashariki. Mbili. Nne na ushee:
sasa, kwa mujibu wa skrini, liko jikoni kwa Githaiga,
kati ya jiko na ndoo ya maji.
Setilaiti kumi na nne, zikawa tisa, zikawa nne,
zinaondoka kama wageni walionusa ugomvi.

"Umeona!" asema Moraa.
"Ameona nini?" Muwa umekoma kutafunwa.
Kabla sijajibu jiwe likageuka, likarudi, likapitiliza,
likaingia kwenye tangi la maji la Moraa,
na Githaiga akacheka mpaka mabati yakalia.

Niwaelezeje?
Kilomita mia tatu juu ya kesi yenu
jua limeshinda likiichambua hewa,
elektroni zikitoka kama njugu kwenye maganda.
Likizama, sehemu ya chini hunyauka kwanza;
ya juu hubaki imening'inia, nzito, haina pa kuegemea,
na kutoka chini mapovu hupanda,
mapana kuliko Nairobi na viunga vyake.
Uji umerudishwa motoni. Sauti ya setilaiti
hupita humo ikipepesuka, hufika imechelewa,
na kuchelewa kwake ndiko mita zenu nne.

Kijitabu cha kipokezi, kurasa mia mbili na sita,
kiliandikwa chini ya anga jingine,
huko latitudo za kati, ambako msukosuko
hupita kama mkunjo kwenye shuka linalokung'utwa:
tufani ya jua hupiga karibu na ncha ya dunia,
wimbi refu hushuka nchi baada ya nchi,
na mtu hulipima, hulitoa kwenye hesabu, hunywa chai.
Ikweta tumepewa aya moja:
*Huko matokeo yaweza kutofautiana.*

Basi nikasema tu, "Tungoje."

Githaiga akaleta kigoda, akakikalia mwenyewe.
Moraa akampigia simu dada yake Keroka
akanisema vibaya kwa Kigusii, nami nipo.
Sikuku akalala juu ya begi la betri.

Nikamkumbuka baba, Mutomo, na redio yake ya masafa mafupi:
magharibi kama hii mtangazaji alididimia
katikati ya bei ya pamba, ukabaki mvumo.
Mama akitaka kuizima, baba humshika mkono:
"Mwache. Amekwenda kuteka maji."
Na kweli alirudi, wakati mwingine akiwa kwenye habari nyingine.

Saa tano kasorobo. Tisa. Kumi na moja. Kumi na nne.
Sentimita mbili. Jiwe liko nyumbani,
miguu haina hata vumbi.
Sikuku akatoa kifutio, akafuta ukurasa mzima,
akapuliza vinyweleo vya mpira gizani.

"Zile mita nne," Moraa akauliza taratibu,
"za mle jikoni. Uliziandika mahali?"
Nikamwambia zimefutwa.
Akainua uso, akalitazama anga muda mrefu
kama mtu anayekadiria bei.